Mkondo Mmoja, Madaftari Matatu: Hotuba kwa Watu wa Vanga, Mkinga na Pemba

Assalaam alaykum. Wenyeviti na makatibu wa BMU (vikundi vya wavuvi vinavyosimamia fukwe), waheshimiwa masheha, manahodha, kina mama wa mwani na kina mama karanga wanaokaanga na kuuza samaki, maafisa wa uvuvi, wa forodha na wa uhamiaji: hamjambo nyote. Ahsanteni kwa kuacha shughuli zenu. Siku hii ya maji mafu tumeichagua makusudi, maana lingekuwa bamvua, maji yanapojaa na kutoka kupita kiasi, ukumbi ungekuwa mtupu na miamba imejaa watu.

Kivumba cha Wasini na Vanga, Kipemba cha Wete na Micheweni, na Kimtang'ata cha Tanga vinasikilizana bila mkalimani. Ndoa zilivuka hapa kabla mpaka haujachorwa. Kwa hiyo hatutatumia muda kuhimizana kupendana, maana undugu upo. Tunachokosa ni karatasi, mizani na kalenda. Kwa kukosa hivyo vitatu, pweza mzuri huuzwa kwa hasara Jumatatu upande mmoja, na Alhamisi mnunuzi wa upande wa pili analalamika kwamba hana pweza.

Tuanze kwa kusahihisha neno moja. Tumezoea kusema "nchi mbili". Kwenye uvuvi wa pwani tuna sheria tatu. Kenya ina Sheria ya Usimamizi na Maendeleo ya Uvuvi ya mwaka 2016, na chini yake BMU ndiyo inayosimamia bandari ya samaki. Tanzania Bara ina Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 na kanuni zake za 2009, na huko nako kuna BMU, ila mamlaka yake hayafanani moja kwa moja na ya Kenya. Zanzibar ina Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2010, na chombo cha kijiji huko ni kamati ya uvuvi ya shehia. Uvuvi wa karibu na pwani si jambo la Muungano. Linaloshughulikiwa kwa pamoja kati ya Bara na Zanzibar ni bahari kuu, kupitia mamlaka iliyoko Fumba. Kwa hiyo kijiji cha Vanga cha Kenya kikikubaliana jambo na Moa ya Bara, kisidhani kimekubaliana na Pemba. Barua iende madaftari matatu. Makubaliano mengi ya mdomo yamekufa hapa hapa: wawili wamekaa, wa tatu hakuitwa, na wa tatu ndiye mwenye mashua nyingi.

Sasa jambo ambalo wengi hawalijui, na tungependa kila katibu aondoke nalo. Kati ya Desemba 1975 na Julai 1976, Kenya na Tanzania zilibadilishana barua rasmi za kukubaliana mpaka wa baharini, mstari unaoanzia Ras Jimbo. Barua zile hazikuchora mstari tu. Zina kifungu kinachowahusu wavuvi: wavuvi wenyeji wa nchi zote mbili wanaovua kwa ajili ya kujikimu waruhusiwe kuvua ndani ya maili 12 za baharini, karibu kilomita 22, kila upande wa mpaka wa bahari ya kitaifa ya nchi hizo, kwa kufuata kanuni zilizopo. Vilevile nchi zikakubaliana kutambuliana leseni, kanuni na desturi zinazowahusu wavuvi hao.

Yaani tunachokiomba kila siku tulishapewa mwaka 1976. Lakini someni maneno yake taratibu kabla hamjashangilia. Limesemwa neno "kujikimu". Mzee na mwanawe katika ngalawa wenye mishipi na mitego ya dema sita wamo. Nyavu ya kuzungushia yenye mabaharia zaidi ya 20, injini na tajiri mjini, ni vigumu mtu mzima kuiita ya kujikimu. Limesemwa pia "kanuni zilizopo": juya, wavu wa kukokota, lililopigwa marufuku halihalalishwi kwa sababu aliyelivuta ni mgeni. Na hifadhi ni hifadhi. Kisite ni mbuga ya bahari isiyovuliwa kabisa, na Mpunguti jirani yake ni hifadhi inayoruhusu zana za kienyeji tu. Mgeni asiyejua tofauti ya maeneo hayo mawili atakamatwa asubuhi ya kwanza, na ugomvi utaitwa wa Wakenya na Watanzania wakati ni ugomvi wa ramani.

Hapo ndipo inapoingia barua ya dago, yaani ya kambi ya wavuvi wageni. Upepo wa kaskazi ukishika, kuanzia Novemba au Desemba hadi Machi, vikosi kutoka Pemba hupanda kaskazini, wakapiga dago Shimoni, Vanga na mbele zaidi. Utaratibu huu ni wa zamani kuliko ofisi yoyote iliyowakilishwa hapa. Zamani nahodha alifika, akamwona mzee wa mji, akapewa mahali pa kulala na kisima. Leo anafika na kuulizwa leseni, hati ya kusafiria, usajili wa chombo na ada ya BMU, vitu vinne kutoka ofisi nne, na yeye ana kimoja.

Barua ya dago tunayoipendekeza ni ukurasa mmoja. Iandikwe na kamati ya shehia au BMU anakotoka, isainiwe na sheha au mwenyekiti wa kijiji na afisa uvuvi wa eneo, nakala ipelekwe BMU mwenyeji angalau wiki mbili kabla chombo hakijang'oa nanga. Ndani yake: namba ya usajili ya chombo na urefu wake, jina la nahodha, majina na namba za vitambulisho za mabaharia wote, aina ya zana na ukubwa wa jicho la wavu, tarehe ya kufika na ya kuondoka, na diko, mahali pa kushushia samaki, litakalotumika. Mwisho, sentensi tatu za ahadi: watauza kupitia mizani ya mwenyeji, wataheshimu miamba iliyofungwa, na hawatabadili zana bila kuomba. Jicho la wavu lipimwe likiwa limenyooshwa, fundo hadi fundo, mbele ya pande zote mbili siku ya kufika. Hapa ndipo hitilafu hutokea zaidi. Barua inasema inchi tatu, wavu unaoshushwa ni wa inchi moja na nusu, na baharia anaapa kwamba huo ni wa akiba.

Tahadhari: barua ya dago si leseni wala si hati ya kusafiria. Ni ushahidi kwamba mtu huyu anafahamika na ana wa kumwajibisha. Afisa uhamiaji bado atataka hati yake, na wale wanaotegemea kitambulisho cha taifa peke yake waulize kituoni kabla ya safari, si baada ya kukamatwa. Tusichukulie jambo la vitambulisho kijuujuu. Wapemba walioishi pwani ya Kenya kwa vizazi walikaa bila kutambuliwa mpaka mwaka 2023 serikali ilipowatangaza kuwa jamii mojawapo ya Kenya. Asiye na kitambulisho hasajili chombo, hafungui akaunti, hata laini ya simu ya kupokelea pesa anaiandikisha kwa jina la mwingine. Kijiji chenye watu wa namna hiyo hakiwezi kuwa na hesabu safi, kwa sababu nusu ya samaki wake wameandikwa kwa majina ya watu wasiovua.

Tuje kwenye pweza, maana hapo ndipo faida ya kushirikiana inaonekana haraka kuliko popote.

Kufunga mwamba kwa ajili ya pweza kulianza kujulikana katika bahari yetu hii kutoka Andavadoaka, kusini-magharibi mwa Madagaska, mwaka 2004. Tangu hapo vijiji vya Pemba, vya Bara na vya Kenya vimejaribu, baadhi kwa mafanikio, baadhi kwa ugomvi. Sababu ya kufanya kazi iko kwenye mwili wa pweza mwenyewe. Anaishi muda mfupi, mwaka mmoja au mmoja na nusu hivi. Akiwa mdogo anakua upesi mno: ndani ya mwezi mmoja au miwili uzito wake unaweza kuwa maradufu. Jike hutaga mara moja tu maishani, huyalinda mayai tunduni bila kula, na yakishaanguliwa hufa. Kwa hiyo miezi mitatu ya kufunga inatosha kumgeuza pweza wa nusu kilo kuwa wa kilo mbili. Kanuni za Tanzania Bara zinakataza pweza wa chini ya gramu 500. Mwamba uliofungwa vizuri unakuvusha hapo bila hata kugombana na mizani.

Sasa sikilizeni kinachotuunganisha. Watoto wa pweza wakianguliwa hawakai mwambani. Huelea na maji kwa wiki kadhaa kabla ya kutua. Na mkondo wa pwani yetu huenda kaskazini mwaka mzima, wenye nguvu zaidi wakati wa kusi, upepo wa kusini. Pweza jike anayelinda mayai yake Mkinga au magharibi mwa Pemba huenda ndiye mama wa pweza atakayechomolewa Wasini. Mkenya ana faida ya moja kwa moja kwenye tundu lililoko Tanzania, na hana sauti juu yake. Hii ndiyo hoja ya kiuchumi ya kukaa meza moja.

Namna ya kufunga. Chagueni sehemu ya mwamba, msifunge wote. Mwamba wa kutembelea kwa miguu maji yakitoka ni wa kina mama wenye mchokoo, kijiti cha kuchokolea pweza. Wa kina kirefu ni wa vijana wenye miwani na mkuki. Kamati ya wanaume ikikaa peke yake hufunga kipwa cha karibu, ule mwamba wa miguu, kwa sababu ni rahisi kukilinda kutoka ufukweni, na hapo mmefunga jikoni mwa kina mama huku wazamiaji wanaendelea na kazi yao. Baada ya wiki tatu mtu ataingia usiku, na kwa kweli mtakuwa mmemsukuma. Funga nusu ya kipwa na kipande cha nje, acha nusu. Weka maboya yanayoonekana kutoka chomboni na alama za nchi kavu za kulenga kwa macho, mnazi na mnara, jiwe na paa la msikiti, kwa sababu boya huibwa. Andika mipaka hiyo kwenye barua, na nakala iende kwa majirani wote, pamoja na madago yaliyopo wakati huo.

Kufungua ndiko kunakoharibu kazi nzuri zaidi. Siku ya kufungua iwe bamvua, maji yanapotoka mchana. Kwa pwani yetu maji makavu ya bamvua huja karibu na saa nne asubuhi. Kijiji kimoja kikifungua, habari hufika kila mahali, watu 300 wanaingia, matundu yanavunjwa kwa nondo, na ikifika adhuhuri kuna pweza wengi kuliko barafu na wengi kuliko mnunuzi. Bei inaanguka mbele ya macho yenu. Tena mmeshauriwa, kwa nia njema kabisa, mfungue siku moja nyote ili kuonyesha umoja! Huo umoja ni wa kumnufaisha tajiri. Pangeni zamu: Mkinga bamvua hili, Wasini na Vanga bamvua la pili, Pemba la tatu. Bamvua hadi bamvua ni kama siku 15. Mnunuzi yule yule anapata mzigo mara tatu, gari lake la barafu linafanya kazi mara tatu, na hana sababu ya kutoa bei ya kutupa. Kalenda ya zamu ndiyo makubaliano rahisi kuliko yote tunayoyaleta leo. Haihitaji waziri kutia saini.

Ina kasoro yake. Aliyefungua kwanza atashawishika kuhamia kwa jirani ambaye bado amefunga. Ndiyo maana ile sentensi ya miamba iliyofungwa imo kwenye barua ya dago, na ndiyo maana adhabu ipangwe na kutekelezwa na kamati anakotoka mvuvi, si alikokamatwa. Mtu akitozwa faini ugenini atasema ameonewa. Akitozwa na sheha wake mwenyewe, mbele ya watu wa mtaa wake, hana la kusema. Na kipande kidogo kiachwe hakifunguliwi kamwe, kwa ajili ya yale majike yenye mayai. Mkivuna hadi tundu la mwisho, mmevuna na mwaka ujao.

Barafu: kanuni ya nchi za joto ni kilo moja ya barafu kwa kilo moja ya samaki. Watu hubisha kwamba ni nyingi. Hesabu ni hii. Kupoza kilo 100 kutoka nyuzi 30 hadi sifuri kunayeyusha karibu kilo 30 za barafu hata kabla hamjaanza safari. Zinazobaki zinapambana na joto linalopenya sandukuni kwa saa zote za njiani. Anayepakia kilo 40 kwa kilo 100 atafika na maji ya uvuguvugu. Pweza atiwe kwenye mifuko ya plastiki kwanza, barafu iwe nje ya mfuko, kwa sababu pweza hunywa maji yasiyo ya chumvi akaongezeka uzito, na mnunuzi anayejua kazi yake atakata kilo za maji kwa makisio yake mwenyewe. Anayelowesha pweza ili mizani ipande anawalipisha wenzake wote, maana baada yake kila mzigo wa upande huo utakatwa.

Mzigo unavukaje? Chini ya Umoja wa Forodha wa Afrika Mashariki, ulioanza kazi mwaka 2005, bidhaa iliyozalishwa ndani ya nchi mwanachama haitozwi ushuru wa forodha ikivuka kwenda nchi nyingine mwanachama, mradi uthibitishe uasili wake. Samaki aliyevuliwa katika maji yetu na mwani uliopandwa hapa ni vya kwetu kwa asilimia 100. Kwa mfanyabiashara mdogo kuna utaratibu uliorahisishwa: mzigo usiozidi thamani ya dola 2,000, na uliomo kwenye orodha iliyobandikwa kituoni, hupewa cheti rahisi cha uasili pale pale na afisa forodha, bila malipo na bila wakala.

Makosa matatu yanarudiwa kila siku pale Horohoro na Lunga Lunga. Moja, mtu anadhani cheti rahisi kinafuta karatasi nyingine zote. Hakifuti. Kinaondoa ushuru wa forodha tu. Samaki bado anahitaji cheti cha afya na kibali cha kusafirisha kutoka idara ya uvuvi, na mrabaha au tozo nyingine za ndani zinaweza kudaiwa. Pili, kina mama watano wanaweka mizigo yao kwenye gari moja na kuomba cheti kimoja. Thamani ikijumlishwa inapita dola 2,000 na utaratibu rahisi unakufa. Kila mwenye mali awe na cheti chake, magunia yake yenye alama yake, na uzito wake ulioandikwa. Kama kilo ya pweza ingekuwa dola 4, mtu mmoja anaweza kuvusha hadi kilo 500 kwa cheti kimoja, kiasi ambacho mama karanga wachache sana wanakifikia kwa siku. Lakini tajiri mwenye tani mbili asigawe mali yake kwa majina ya wapagazi. Huo ni udanganyifu, na ukigundulika utaratibu mzima unabanwa kwa wote. Tatu, cheti cha afya kinatafutwa samaki akiwa tayari yuko kwenye barafu. Kitafutwe siku moja kabla, na hili linawezekana tu kama tarehe ya kufungua mwamba inajulikana mapema. Mnaona kalenda inavyorudi.

Tatizo kubwa zaidi ni kwamba utaratibu huu ulijengwa kwa ajili ya barabara. Watu wetu wanavuka kwa bahari. Kutoka Moa au Jasini hadi Vanga kwa mashua ni karibu sana. Kwa barabara mzigo unapandishwa hadi Horohoro, unavuka Lunga Lunga, kisha unateremshwa tena pwani, barafu ikiendelea kuyeyuka. Matokeo yake ni bandari bubu, yaani zisizo rasmi. Waheshimiwa wa forodha, tunasema kwa heshima: bandari bubu haizalishwi na uhalifu peke yake, inazalishwa na umbali. Ombi letu ni dogo. Afisa mmoja wa kila upande, mara mbili kwa mwezi, siku zilizopangwa kufuata bamvua, akae kwenye diko lililokubaliwa na kitabu cha vyeti rahisi. Hakuna jengo jipya linalohitajika. Ikionekana mizigo haiji, siku hizo zifutwe.

Mwani tutauzungumza kwa hesabu, kwa sababu hisia zimeshasemwa nyingi. Kamba ya mita 10, miche ikiachana sentimita 20, inabeba miche 50 ya gramu 100. Baada ya wiki sita, tuseme kwa wastani wa kawaida kila mche umefika nusu kilo: kilo 25 mbichi. Toa kilo 5 za mbegu, zimebaki 20. Mwani mbichi kilo saba au nane hutoa kilo moja mkavu, basi kamba moja imetoa kilo mbili na nusu na ushei. Mnunuzi wa nje anataka kontena, tuseme tani 20. Hizo ni kamba 8,000. Kijiji chenye kina mama 30 wenye kamba 100 kila mmoja kina kamba 3,000. Hakijazi kontena hata siku moja, kwa hiyo kinauza kwa anayekusanya, kwa bei ya anayekusanya. Vijiji vitatu vya ukubwa huo, Kibuyuni, Moa na kimoja cha Pemba kwa mfano, vinajaza kontena kwa mzunguko mmoja.

Kwa sharti kwamba mwani uwe wa aina moja. Spinosamu na kotonii havichanganywi gunia moja. Viwanda vinavitumia kwa kazi tofauti, na bei ya kotonii ni ya juu. Ukavu nao uwe mmoja. Mwani wa unyevu wa zaidi ya asilimia 40 huchemka ndani ya kontena, na gunia bovu moja linaozesha majirani zake. Kausheni kwenye vichanja, si mchangani, na mvua ikitishia mfunike mara moja, kwa sababu maji ya mvua hulainisha na kuosha kile kile mnunuzi anachokilipia. Mwani uliokauka sawasawa haunati mkononi na chumvi imejitokeza juu yake. Kila kijiji kimpe mtu mmoja kazi ya kukagua magunia ya kijiji kingine. Fundi wa kwenu atawahurumia.

Mbegu ndiyo hatari. Kuazimana mbegu kuvuka mpaka ni jambo jema na ni njia ya kuazimana ugonjwa. Maji yakipata joto kupita kiasi, au yakipungua chumvi, matawi hupauka na kukatika, na shamba la kotonii linaweza kumalizika katika mzunguko mmoja. Mbegu ichukuliwe kwenye shamba lisilo na matawi meupe wala nyasi za kuparamia, isafirishwe siku hiyo hiyo ikiwa na unyevu na kivulini, halafu ikae wiki mbili kwenye kamba zilizotengwa, upande ambao maji hayapiti kwenda shamba kuu. Wengi huruka hatua hii ya mwisho kwa sababu ya haraka ya msimu.

Mikoko tuipitie kwa ufupi. Mto Umba unatoka Usambara na kumwaga maji yake karibu na Vanga, na msitu wa mikoko wa hapo haujui nani anautawala. Upande wa Kenya, Vanga, Jimbo na Kiwegu zina mradi wa kuuza hewa ya ukaa wenye zaidi ya hekta 460. Miradi hiyo huhesabu kitu kiitwacho uvujaji: ukizuia kukata huku, na wakataji wakahamia ng'ambo, faida uliyodai haipo. Kwa hiyo Vanga ina sababu ya kifedha, si ya ujirani mwema tu, ya kutaka jirani wa Jasini awe na nguzo za kujengea na kuni kutoka mahali pengine. Hili lizungumzwe kwenye mgao wa fedha za mradi. Ni gumu, na hatujaona mahali lilipofanyika vizuri.

Fedha na mizani. Kila diko liwe na mizani iliyopigwa muhuri wa wakala wa vipimo wa upande wake, na mara moja kwa mwezi mizani zote zijaribiwe kwa jiwe moja la kilo 10 linalozunguka vijiji vyote. Ni jambo dogo kiasi cha kuchekesha, lakini nusu ya lawama za "wenzetu wezi" huisha hapo. Bei iandikwe ubaoni kwa shilingi zote mbili, kwa kiwango cha kubadilishia cha siku hiyo, na makubaliano yaseme wazi gharama ya kutuma pesa kwa simu kuvuka mpaka inabebwa na nani. Ikiachwa bila kusemwa, huishia kubebwa na mama karanga.

Mwisho, usalama, na hili lisingoje kikao kingine. Mkondo wa Pemba, yaani mlango wa bahari kati ya Pemba na Bara, una kina cha zaidi ya mita 800. Nanga haishiki kitu. Chombo kikizimika injini wakati wa kusi kinapelekwa kaskazini, yaani cha Pemba au cha Mkinga kitatafutwa Kenya. Kwa sasa familia inampigia sheha, sheha anapiga wilayani, wilaya inapiga makao makuu, na chombo kimeshapita Wasini. Chenye redio kiite chaneli 16, ya dharura. Kwa vingine, kila diko litoe namba mbili za simu zinazopokelewa usiku, moja ya katibu na moja ya nahodha mzoefu. Taarifa ya kwanza iwe na vitu vitano tu: rangi na urefu wa chombo, idadi ya watu, saa na mahali kilipoonekana mwisho, upepo, na kama kina tanga.

Fomu ya namba hizo iko mlangoni pamoja na rasimu ya barua ya dago na nakala za kifungu cha mwaka 1976. Jedwali la maji la miezi sita ijayo limebandikwa ukutani. Baada ya chai, wenyeviti wa Mkinga, Wasini, Vanga na Pemba wakae mbele yake wachague bamvua zao.